Aliyetoa Damu Anadai Nini?

Waswahili husema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Sioni methali inayomfaa mchangia damu kuliko hii. Mara nyingi mtu huyu hana kitu mfukoni. Pengine ni mwanafunzi wa bweni aliyekunywa uji asubuhi, lakini ananyoosha mkono, anachomwa sindano, na baada ya dakika chache anapewa soda na biskuti kisha anarudi darasani. Mfuko wake wa damu unakwenda kwa mtu asiyemjua: mama aliyetokwa na damu nyingi wakati wa kujifungua, mtoto aliyepungukiwa na damu kwa sababu ya malaria, au kijana wa bodaboda aliyegongwa na lori.

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii ni hili: je, mtu aliyetoa damu bure anadai chochote? Jibu la haraka ni kwamba hadai. Zawadi inayodaiwa si zawadi tena, ni mkopo. Mimi naona jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mchangia damu hadai fedha wala sifa, lakini anadai kuambiwa kweli. Ili nieleze kwa nini, sina budi kuanza na ugonjwa uliowafundisha madaktari kwamba usalama wa damu hautegemei maabara peke yake, bali pia maneno ya kweli baina ya watu wasiofahamiana. Ugonjwa huo ni homa ya ini.

Tangu Karl Landsteiner alipogundua makundi ya damu mwaka 1901, iliwezekana kumwongezea mgonjwa damu bila hofu kubwa kwamba damu hizo mbili zitagombana. Lakini kadiri watu wengi zaidi walivyoongezewa damu ndivyo tatizo jingine lilivyojitokeza. Mgonjwa alipona upasuaji, akaenda nyumbani, na baada ya wiki kadhaa alirudi hospitalini macho yakiwa ya manjano. Huko Bethesda, katika jimbo la Maryland nchini Marekani, Harvey Alter na wenzake katika Taasisi za Taifa za Afya waliwafuatilia wagonjwa waliofanyiwa upasuaji wa moyo. Waliona kwamba katika miaka ya 1960 karibu mgonjwa mmoja kati ya watatu alipata homa ya ini kutokana na damu aliyoongezewa. Fikiria hali hiyo: watu watatu wanaokolewa moyo, mmoja wao anaharibiwa ini.

Kufikia mwaka 1970 walibadilisha mambo mawili. Kwanza, waliacha kutumia damu ya watu waliolipwa, wakabaki na ya waliojitolea tu. Pili, walianza kuipima damu kutafuta antijeni ambayo Baruch Blumberg alikuwa ameitambua katika damu ya mwenyeji wa asili wa Australia, na ambayo baadaye ilijulikana kuwa ni alama ya homa ya ini aina B. Blumberg alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1976. Baada ya mabadiliko hayo maambukizi yalishuka hadi karibu mgonjwa mmoja kati ya kumi. Kipimo peke yake hakiwezi kueleza punguzo lote hilo, kwa maana wengi wa wagonjwa wale hawakuwa na aina B. Mwaka 1973 virusi vya aina A vilionekana, na mwaka 1975 ikathibitika kwamba wengi hawakuwa na aina A pia. Kwa miaka kama kumi na minne ugonjwa ule uliitwa kwa kile ambacho sicho: si A wala si B. Ndipo mwaka 1989 Michael Houghton, Qui-Lim Choo na George Kuo, pamoja na Daniel Bradley, walipotangaza kwamba wamevipata virusi vya homa ya ini aina C. Alter, Houghton na Charles Rice walituzwa Nobeli mwaka 2020.

Tutazame kwa makini jambo lililotokea kabla ya mwaka 1989. Hakukuwa na kipimo cha aina C. Hakuna mashine iliyoweza kuutambua mfuko mbaya. Hata hivyo damu ya waliojitolea ilikuwa salama zaidi kuliko damu iliyonunuliwa. Kwa nini? Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu ni rahisi kusema kwamba maskini ni wachafu au ni waongo. Sivyo. Mtu anayeuza damu mara nyingi ni mtu aliyekwisha kuuza kila kitu kingine, na maisha ya shida humweka karibu zaidi na maambukizi. Anapoulizwa, “Je, uliwahi kuwa na macho ya manjano?” jibu la kweli litamnyima chakula cha jioni. Anayejitolea akiulizwa swali hilohilo, hapotezi kitu akisema ndiyo. Ataambiwa asante, ataondoka. Kwa hiyo si kwamba mmoja ana moyo mweupe na mwingine moyo mweusi. Ni kwamba mmoja amewekewa bei juu ya ulimi wake.

Mtaalamu wa sera za jamii wa Uingereza, Richard Titmuss, aliandika kitabu juu ya jambo hili mwaka 1970. Alilinganisha nchi yake, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani, ambako nyingi ilinunuliwa, akadai kwamba soko la damu huharibu damu yenyewe na huharibu pia utu wa jamii. Miaka miwili baadaye mwanauchumi Kenneth Arrow alimpinga kwa hoja ambayo si ya kudharauliwa. Alisema, kwa ufupi, kwamba kumruhusu mwingine auze hakumzuii wewe kutoa. Anayetaka kugawa bure na agawe, anayetaka kuuza na auze. Uhuru wa nani umepungua?

Kama damu ingekuwa mahindi, ningekubaliana na Arrow. Ukinunua mahindi sokoni unayamwaga kiganjani, unaona kama yametobolewa na wadudu, unanusa, unaamua. Damu haioneshi kitu. Hata leo ambapo Shirika la Afya Duniani linataka kila mfuko upimwe VVU, homa ya ini aina B na C, na kaswende, zipo siku za mwanzo baada ya mtu kuambukizwa ambapo virusi vimo ndani ya damu lakini kipimo hakivioni. Katika siku hizo mlinzi pekee wa mgonjwa ni kauli ya mtoaji: “Juzi nilifanya jambo la hatari, damu yangu msiitumie.” Bidhaa ambayo ubora wake unategemea ukweli wa muuzaji dhidi ya tumbo lake mwenyewe si bidhaa ya kawaida. Ndiyo maana nasema damu haifai kuuzwa.

Lakini wengi wetu hudhani kwamba kutolipa fedha kunatosha. Hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaomsoma Titmuss wakaishia kwenye fedha. Katika nchi zetu bei ya damu inaweza kuwa kitu kingine kabisa. Hapa Uganda benki ya damu, ambayo makao yake yako Nakasero jijini Kampala, hutegemea wachangiaji wa hiari, na wengi wao ni wanafunzi wa sekondari. Shule zinapofungwa, damu hupungua. Inapopungua, ndugu wa mgonjwa huombwa walete mtu wa kuchangia.

Tuchukue mfano. Mjomba amelazwa, anahitaji upasuaji, damu hakuna. Ukoo umekaa chini ya mwembe nje ya wodi. Baba mdogo anamgeukia kijana mmoja: “Wewe mwanangu ndiye mwenye afya. Ingia ukamtolee mjomba wako.” Kijana anajua jambo fulani juu ya maisha yake ya miezi miwili iliyopita ambalo hakumwambia mtu. Atasemaje mbele ya mama, shangazi na wajomba? Akikataa, ataitwa mchoyo. Akisema sababu, amejianika. Basi anaingia, anaulizwa maswali, anajibu “hapana, hapana, hapana”, na anatoa. Hakupewa hata shilingi moja, lakini je, damu hiyo imetolewa bure? Mimi naona imelipiwa kwa heshima. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humwumbua. Katika suala la damu methali hii inageuka: mficha maradhi anaweza kumwumbua mwingine, tena yule anayempenda.

Kwa hiyo kinacholinda damu si kutokuwepo kwa fedha, bali ni uhuru wa kusema “siwezi” bila kuadhibiwa. Fedha inaondoa uhuru huo, na hata upendo wa ukoo unaweza kuuondoa. Damu nzito kuliko maji, lakini uzito huo ukimwangukia kijana mmoja mbele ya watu kumi na wawili, hapati nafasi ya kusema kweli. Jambo hili lina dawa rahisi. Maswali yaulizwe faraghani, na mtoaji apewe njia ya kusema kimyakimya kwamba damu yake isitumike, huku ndugu zake wakimwona ametoka na plasta mkononi kama wengine.

Hadi hapa nimezungumzia ukweli anaoutoa mchangiaji. Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu ukweli hauwezi kuwa barabara ya kwenda tu. Kama tunamtaka mtoaji atueleze mambo ya siri ya mwili wake, sisi tunaoipokea damu yake, yaani madaktari, watafiti na serikali, tunamwambia nini?

Historia ya homa ya ini ina mifano ya kutisha ya watu walionyimwa ukweli. Huko Staten Island, New York, kulikuwa na makazi ya watoto wenye ulemavu wa akili yaliyoitwa Willowbrook. Kuanzia mwaka 1956 daktari Saul Krugman na wenzake waliwaambukiza baadhi ya watoto hao homa ya ini kwa makusudi ili waichunguze. Wazazi walitia sahihi, lakini makazi yalikuwa yamefurika, na kuna wakati mlango wa kawaida ulifungwa ilhali wodi ya utafiti ilikuwa bado na nafasi. Mwaka 1966 Henry Beecher aliitaja kazi hiyo miongoni mwa tafiti zilizovunja maadili. Krugman alijitetea kwamba watoto wale wangeambukizwa tu, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umeenea mle ndani.

Mgala muue na haki yake mpe: utafiti ule ulisaidia kuonesha kwamba kuna homa ya ini za aina mbili tofauti, na ulifungua njia moja ya kufikiria chanjo. Sisi tuliozaliwa Uganda baada ya mwaka 2002, chanjo ya homa ya ini B ilipoingizwa katika chanjo za watoto, tunakula matunda ya maarifa ambayo sehemu yake ilitoka kwa watoto ambao hakuna aliyewauliza. Lakini hoja ya “wangeambukizwa tu” siikubali. Mtoto akiwa ndani ya nyumba inayovuja, wajibu wetu ni kuezeka paa, si kumpima tuone atalowa kwa kiasi gani. Faida ya baadaye haifuti deni la mwanzo. Inaliongeza, kwa kuwa sasa tunajua tulichochukua.

Mfano wa pili unatoka Uingereza, nchi ileile aliyoisifu Titmuss. Wagonjwa wa hemofilia, ambao damu yao haigandi vizuri, walitibiwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa kuchanganya plazima ya maelfu ya watu. Uingereza haikutengeneza ya kutosha, ikaagiza kutoka Marekani, ambako plazima ilinunuliwa hata kwa wafungwa. Mwezi Mei 2024 ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Sir Brian Langstaff ilieleza kwamba zaidi ya watu 30,000 waliambukizwa VVU au homa ya ini kwa dawa hizo na kwa damu waliyoongezewa, na takriban 3,000 wamekufa. Wapo waliopimwa bila kujua, na wapo waliocheleweshwa kwa miaka kabla ya kuambiwa matokeo yao. Nchi ilikataa kununua damu mlangoni kwake, ikaipokea iliyonunuliwa kupitia dirishani, kisha ikawanyima waliodhurika hata habari ya miili yao.

Mtu anaweza kusema mambo hayo ni ya mbali na ya zamani. Basi nitaje jambo la karibu. Mwanafunzi mwenzangu ameniruhusu nieleze habari yake bila kumtaja. Akiwa kidato cha tano alichangia damu shuleni. Wanafunzi wa bweni hawaruhusiwi kuwa na simu, kwa hiyo kwenye fomu aliandika namba ya baba yake. Baadaye baba alibadilisha laini. Hakuna habari iliyomfikia, naye akadhani kimya maana yake ni uzima. Miaka mitatu baadaye, alipokwenda kupimwa ili achanjwe, aliambiwa ana homa ya ini B, tena ya muda mrefu. Mama yake alipimwa, naye akakutwa nayo. Inaelekea alimwambukiza alipomzaa, kwa kuwa chanjo ya watoto ilianza wiki ya sita na virusi havingoji wiki sita. Katikati ya ile miaka mitatu, mama huyo alikuwa amejifungua mtoto wa mwisho.

Sisemi kwamba kuna mtu mwovu katika habari hii. Muuguzi alifanya kazi yake, maabara ilifanya kazi yake, mfuko haukumfikia mgonjwa. Mfumo ulimlinda mpokeaji kikamilifu. Aliyesahauliwa ni mtoaji. Damu yake ilisema kweli juu yake, lakini kweli hiyo ilibaki kwenye daftari la watu wengine. Laiti ingemfikia, mama angepimwa mapema, na mtoto mchanga angeweza kuchanjwa siku ileile ya kuzaliwa.

Wapo wanaopinga wazo la kwamba mtoaji ana haki hii. Wa kwanza husema kwamba huduma ya damu si kliniki. Kazi yake ni kukusanya damu salama, na fedha ni chache. Naelewa uchache huo, lakini tayari kipimo kimelipiwa. Kinachobaki ni kufikisha maneno machache kwa mwenye mwili. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B ya muda mrefu, na ni asilimia 13 tu waliokuwa wamegunduliwa. Katika dunia ambayo wengi hawajui, kumpata mmoja kisha kumwacha aondoke bila kujua ni ubadhirifu mkubwa kuliko gharama ya simu.

Wa pili husema kwamba habari hiyo itamletea kijana unyanyapaa: wenzake wa bwenini watakataa kunywa chai naye, ingawa homa ya ini B haiambukizwi kwa kikombe. Hofu hii ni ya kweli. Lakini inatufundisha namna ya kusema, haitupi ruhusa ya kunyamaza. Habari itolewe na mtu aliyefunzwa, faraghani, pamoja na maelezo kwamba wengi huishi miaka mingi wakifuatiliwa, kwamba dawa za kudhibiti aina B zipo, na kwamba aina C siku hizi hupona kwa vidonge vya wiki nane hadi kumi na mbili.

Wa tatu ana hoja ngumu zaidi. Anasema tukiahidi majibu kwa kila mtoaji, watu walio na wasiwasi watakuja kutoa damu ili wapimwe bure, na hao ndio wenye hatari ya kuwa katika zile siku ambazo kipimo hakioni kitu. Yaani majibu yenyewe yatakuwa malipo, na tutakuwa tumerudi sokoni kwa mlango wa nyuma. Hoja hii inanilazimisha kukubali jambo moja: haki ya mtoaji haiwezi kutimizwa na benki ya damu peke yake. Lazima vipimo vya homa ya ini vipatikane bure au kwa bei nafuu mahali pengine, ili asiwepo mtu anayelazimika kutoa damu ndipo ajue hali yake. Mwenye njia ya kweli hatahitaji kupita njia ya hila.

Kwa kumalizia, narudi kwenye jibu langu. Aliyetoa damu hakuuza kitu, kwa hiyo hadai bei. Lakini pia hakujitupa. Amekabidhi sehemu ya mwili wake kwa watu wasiomjua, akiamini watamtendea kama mtu. Anachodai ni uhuru wa kusema kweli wakati wa kutoa, na kuambiwa kweli baada ya kutoa. Damu yake ikifaa, aambiwe asante. Isipofaa, aambiwe kwa nini, na aelekezwe aende wapi. Atakayeambiwa kwamba damu yake haikutumika asidhani zawadi yake ilikuwa bure. Moyo alikwisha kuutoa. Sisi ndio tuliobaki na deni.